Kijiko cha Wakili na Tumbo la Trauti

Katika miaka ya 1830, kando ya mto Blythe huko Staffordshire, Uingereza, Alfred Ronalds alijijengea kibanda ukingoni mwa maji, akawa anajifungia humo kuchungulia trauti. Hakuwa na ndoano mkononi. Alikuwa na kibomba cha bati alichokitumia kupulizia nzi wa nyumbani waliokufa, ili waangukie mbele ya samaki. Kwanza aliwatupa nzi watupu. Kisha akawatupa waliopakwa haradali na pilipili kali, na trauti akawadaka kwa hamu ile ile. Akamwomba mtu mwingine ajifiche nyuma ya kibanda na kufyatua bunduki. Samaki akaendelea kukaa pale pale kana kwamba hakuna kilichotokea. Ladha haikumzuia, wala mshindo wa hewani haukumshtua. Kilichobaki ni macho. Ronalds akachora namna mwanga unavyopinda unapoingia majini, akaonyesha kwa nini mtu aliyesimama wima ukingoni anaonekana na samaki ilhali aliyeinama haonekani. Yote hayo aliyatoa mwaka 1836 katika kitabu The Fly-Fisher's Entomology, pamoja na picha za wadudu wa mtoni zilizopangwa sambamba na ndoano zilizovishwa manyoya kuwaiga wadudu hao.

Anayeuliza leo afanyeje ili apate trauti wengi zaidi kwa nzi wa bandia, mara nyingi hujibiwa kwa orodha ya vitu vya kununua: ufito wa aina hii, mshipi wa aina ile, nzi kumi na wawili wa lazima. Nadhani jibu hilo linaanzia mahali pasipofaa. Ukiufuatilia uvuvi huu tangu maandishi yake ya kale kabisa, utaona kwamba maarifa yake yalisonga mbele kila mara mtu alipotazama ndani ya maji, au ndani ya tumbo la samaki, na kuamini alichokiona. Na yalikwama kila mara kilichoonwa na mtu mmoja katika mto mmoja kilipogeuzwa kuwa sheria ya mito yote. Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo katika ugomvi uliodumu nusu karne kwenye mito miwili ya kusini mwa Uingereza, na uthibitisho wake, kwa maoni yangu, umo katika mito ya Nyandarua na Mlima Kenya.

Ushahidi wa kwanza kabisa ni mfupi. Mnamo mwaka 200 hivi, Claudius Aelianus, mwandishi wa Roma, aliandika habari za watu wa Makedonia waliovua samaki wenye madoadoa katika mto Astraeus. Watu hao walijua mdudu gani samaki anamfuata juu ya maji. Walijua pia kwamba mdudu mwenyewe hafai kwa chambo, kwa sababu akiguswa na mkono wa mtu rangi yake hupotea na mabawa yake hunyauka. Basi wakaizungushia ndoano sufu nyekundu, wakafunga manyoya mawili yanayoota chini ya undu wa jogoo, yenye rangi kama ya nta iliyokolea. Hayo ni maelezo ya watu waliotazama kwa makini. Hawakuanza na ndoano. Walianza na mdudu. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, mwaka 1496, Wynkyn de Worde alichapisha Uingereza risala ya uvuvi iliyotaja nzi wa bandia 12, wakiwa wamepangwa kwa miezi. Hapo tayari naona mwanzo wa tatizo, maana orodha ya miezi ni rahisi kukariri kuliko kutazama mto. Wengi wakakariri.

Ni kitu gani basi kinachoonekana mtu akitazama? Kwanza, trauti ni samaki anayebania nguvu zake. Maji yanayokwenda kasi ndiyo yanayomletea chakula, lakini kukaa katikati ya kasi hiyo kunamgharimu zaidi ya anachopata. Kwa hiyo hujiweka mpakani: nyuma ya jiwe, chini ya ukingo uliochimbika, pale ambapo maji ya haraka yanapakana na maji ya polepole, ili achomoke, adake, arudi. Pili, hukaa akielekeza kichwa kule maji yanakotoka, kwa hiyo mtu anayetoka upande wa chini ya mto anamjia kwa nyuma. Tatu, samaki huiona dunia ya nje kupitia duara moja tu juu ya kichwa chake. Aliyeko kina cha sentimita 50 ana duara lenye upana wa mita 1.1 hivi, na nje ya duara hilo uso wa maji kwake ni kioo kinachoakisi sehemu ya chini ya mto. Vitu vilivyo chini karibu na upeo hubanwa ukingoni mwa duara hilo hata vikaribie kutoweka. Mskoti W. C. Stewart, wakili wa Edinburgh, alipochapisha The Practical Angler mwaka 1857, alijenga karibu kitabu kizima juu ya mambo haya: tembea ukipanda mto, inama, tupa mshipi mfupi mbele yako, na usijisumbue na sanduku lililojaa nzi wa kila rangi. Yeye mwenyewe alitegemea nzi watatu tu wenye manyoya laini. Sijaona ushauri wa vitendo uliotolewa tangu hapo unaouzidi huo kwa mtu anayeanza.

Lakini kuna jambo ambalo Stewart hakulihitaji sana katika mito ya mawe ya Uskoti, nalo ndilo lililozusha ugomvi kusini. Mito ya Test na Itchen, katika jimbo la Hampshire, hububujika kutoka kwenye miamba ya chaki. Maji yake ni maangavu, hayapandi wala hayashuki ovyo, na yamejaa majani ya mtoni yanayolea wadudu wengi mno. Samaki humwona mdudu vizuri, na ana muda wa kumkagua. Mdudu mkuu huko ni yule ambaye mabawa yake husimama wima kama tanga la ngalawa. Maisha yake karibu yote huyaishi majini akiwa tunutu, akitambaa kwenye mawe na majani. Siku ikifika hupanda juu, hupasua ngozi yake kwenye uso wa maji, huruka, huzaliana na kufa baada ya siku moja au mbili. Anayewajua kumbikumbi wanavyotoka ardhini baada ya mvua anajua tayari tamasha lenyewe: kiumbe aliyefichika miezi mingi anajitokeza kwa maelfu katika saa moja, na kila mwenye mdomo anakuja kula. Swali lililogawa watu ni hili. Je, trauti humla mdudu huyo akiwa juu ya maji na mabawa yake, au humla akiwa bado chini, anapanda?

Frederic Halford alichagua jibu la kwanza, na haki yake apewe: alilichagua baada ya kazi kubwa. Mwaka 1879 alikutana mjini Winchester na George Selwyn Marryat, na kwa miaka mingi wakakusanya wadudu, wakapasua samaki, wakalinganisha rangi ya manyoya na rangi ya mdudu. Zana nazo zilikuwa zimekomaa wakati huo: ndoano zenye tundu, zilizomwezesha mvuvi kubadili nzi papo hapo, mishipi mizito ya hariri iliyopakwa mafuta, fito za mianzi iliyopasuliwa na kugundishwa. Katika Floating Flies and How to Dress Them cha mwaka 1886, na kitabu kilichofuata miaka mitatu baadaye, alieleza kwa mpangilio ambao haukuwahi kuwapo namna ya kumvua trauti kwa nzi anayeelea. Mtafute samaki mmoja anayekula juu ya maji. Mjue anakula nini. Mwendee kwa nyuma. Dondosha nzi wako mbele yake kidogo, aelee huru kama ambaye hakufungwa popote. Kipengele hiki cha mwisho ndicho siri kubwa ya uvuvi huu mpaka leo. Mshipi ukivuka maji ya haraka na kumkokota nzi hata kwa upana wa kidole, samaki wa maji maangavu humkataa, kwa kuwa mdudu anayeelea huru hakati mkondo namna hiyo. Ndiyo maana mvuvi mzoefu hutupa mshipi wenye mikunjo kidogo, ili mkondo uwe na kitu cha kunyoosha kabla haujamfikia nzi.

Kosa lilikuja baadaye, na sehemu yake kubwa naiweka kwa wafuasi, ingawa Halford mwenyewe alizidi kuwa mkali kadiri umri ulivyokwenda. Njia iliyofaa siku fulani, katika mto fulani, ikawa njia pekee ya kiungwana. Kwenye mito mingi ya chaki wanachama wa vilabu wakazuiwa kutupa kitu chochote kinachozama. Saa ambazo hakuna mdudu juu ya maji mvuvi alitakiwa kukaa ukingoni na kungoja. Na samaki aliyeonekana akijipindua chini ya maji huku tumbo lake likimeremeta, akila kwa pupa tunutu wanaopanda, alihesabiwa kuwa samaki asiyevulika. Tazama mabadiliko yaliyotokea hapo: watu wale wale waliopasua matumbo na kukuta tunutu ndani, sasa walikuwa na kanuni inayowakataza kufuata walichokikuta.

Aliyekataa kungoja ni George Edward Mackenzie Skues, wakili wa London, aliyezaliwa Newfoundland mwaka 1858 na kuvua kipande kile kile cha Itchen, Abbots Barton, kuanzia mwaka 1883. Hakuwa mtu wa kelele. Kitabu chake cha mwaka 1910 alikiita Minor Tactics of the Chalk Stream, yaani mbinu ndogondogo tu, kana kwamba anaomba ruhusa. Chombo chake kikuu kilikuwa kijiko chembamba, cha aina inayotumika mezani kuchokolea uboho ndani ya mfupa. Akishamuua samaki, alikiingiza kijiko hicho kooni hadi tumboni, akatoa kilicholiwa karibuni, akakikoroga katika kisahani cheupe chenye maji. Vile vidude vilivyokuwa donge jeusi vilitawanyika, kila kimoja kikaonekana miguu na mkia wake. Na alichokiona tena na tena ni tunutu. Samaki waliokuwa wakitia viwimbi juu ya maji, ambao kila mtu aliamini wanakula wadudu wenye mabawa, mara nyingi walikuwa wakila sentimita chache chini ya uso.

Kutokana na hapo Skues akajifunza kusoma viwimbi vyenyewe, na sehemu hii ya kazi yake naiona kuwa zawadi kubwa kwa mvuvi yeyote. Samaki anayemla mdudu juu ya maji humeza na hewa, kwa hiyo povu dogo hubaki likielea baada ya mdomo kufunga. Samaki anayekula chini kidogo ya uso huonyesha mgongo au ncha ya pezi, maji yakavimba taratibu, wala povu halibaki. Tofauti ni ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama nzi wako aelee au azame. Anayeijua habadilishi nzi mara ishirini kwa kubahatisha; anabadilisha kina. Katika The Way of a Trout with a Fly cha mwaka 1921, Skues aliyapanga maumbo hayo ya viwimbi kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kuchambua ushahidi mahakamani.

Waliompinga walikuwa na hoja, na si haki kuzipuuza. Ya kwanza ilikuwa ya hifadhi: mto una samaki wachache, na kanuni ya nzi anayeelea inawapa samaki saa nyingi za kupumzika, ukiruhusu kila mtu kuvua chini ya maji kutwa nzima, mto utakwisha. Ya pili ilikuwa ya heshima ya mchezo: anayevua juu huchagua samaki mmoja anayemwona, ilhali anayezamisha ndoano huokota yeyote, wakiwamo wadogo. Hoja ya kwanza naikubali nusu. Ni kweli mto unahitaji kizuizi. Lakini kizuizi kinachofaa ni cha idadi ya samaki wanaochukuliwa, ukubwa wao na majira ya kuvua. Hakuna haja ya kupitia mlango wa nyuma, kumkataza mvuvi kufuata anachokiona na kuuita ukatazo huo hifadhi. Hoja ya pili inaangushwa na mwenendo wa Skues mwenyewe, ambaye alimtupia tunutu wake samaki aliyekwisha kumwona akila, mmoja baada ya mwingine, akielekea juu ya mto, kama Halford alivyofundisha. Hata hivyo mwaka 1938, katika klabu ya wavuvi mjini London, ulifanyika mjadala rasmi kuhusu uhalali wa tunutu kwenye mito ya chaki. Skues alikuwa na miaka 79. Mwaka huo huo akaiacha Abbots Barton, baada ya kuvua hapo miaka 55.

Jibu kamili lilitoka kwa mtu ambaye hakuwa mwanachama wa klabu. Frank Sawyer alikuwa mtunza mto wa Avon huko Netheravon, Wiltshire, akilipwa kukata majani na kulinda samaki kwa niaba ya maofisa wa jeshi waliovua hapo. Kazi yenyewe ilimweka ndani ya maji siku baada ya siku. Aliona kwamba tunutu anayeogelea hubana miguu yake mwilini. Jambo dogo hilo! Lakini wafungaji wengi wa kabla yake walikuwa wamewawekea tunutu wao manyoya ya kuiga miguu. Sawyer akayaondoa. Alichukua nyuzi za unyoya wa mkia wa fezanti, ndege wa jamii ya kwale, akazifunga kwa waya mwembamba wa shaba mahali pa uzi. Waya ule ule ukawa ndio uzito wa kuizamisha ndoano. Vitu viwili tu, unyoya na waya. Aliona pia kwamba tunutu halisi hupanda, kwa hiyo akafundisha kuinua ufito polepole tunutu wa bandia anapomkaribia samaki, ili naye apande. Kitabu chake Nymphs and the Trout kilitoka mwaka 1958, na ndoano hiyo ya unyoya na waya inatumika leo karibu kila mahali trauti anapovuliwa.

Kuna atakayesema kwamba nazidisha sifa za macho, na kwamba kilichoongeza samaki kapuni ni viwanda: nailoni nyembamba, fito za kaboni, mishipi inayoelea bila kupakwa mafuta. Sipingi kwamba zana zilifungua milango. Bila ndoano yenye tundu na mshipi wa hariri, Halford asingeweza kufanya alichofanya. Lakini kijiko cha Skues kilikuwapo mezani miaka mingi kabla mtu hajafikiri kukipeleka mtoni, na waya wa Sawyer haukuwa uvumbuzi. Zana nzuri mikononi mwa mtu asiyejua samaki yuko kina gani humsaidia kukosa kwa umbali mrefu zaidi.

Uthibitisho wa pili uko karibu nasi. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule yule aliyesifika kwa safari ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo, aliingiza trauti wa kahawia kutoka Uskoti katika mto Gura, Nyandarua. Baadaye wakaja trauti wa upinde wa mvua, na kituo cha kuzalisha vifaranga kikajengwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Trauti hustawi katika maji baridi, yasiyozidi nyuzi 20 hivi kwa muda mrefu, na maji ya namna hiyo yako milimani: Thiba, Sagana, Mathioya, pamoja na vijito vya Kilimanjaro na vya nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Pamoja na samaki zilikuja kalenda za Uingereza. Lakini nzi wa Mei ana maana gani Nyeri, ambako Mei ni mwezi wa masika na mto unaweza kushuka na tope? Karibu na ikweta hakuna majira ya baridi ya kuwakusanya wadudu wajitokeze pamoja wiki moja ya mwaka. Hutoka kidogo kidogo mwaka mzima. Mito yenyewe ni ya mawe na maporomoko, na samaki hana muda wa kukagua rangi ya bawa. Mwaka 1952 V. D. van Someren alichapisha Nairobi utafiti wake wa maisha ya trauti katika koloni la Kenya, na ulihitajika, maana samaki alikuwa wa Uskoti lakini mto haukuwa wa Uskoti. Katika mito hii kuna hata kaa, na trauti mkubwa humla kaa kwa furaha. Hakuna ukurasa wa Halford unaotayarisha mtu kwa kaa. Kijiko cha Skues kinamtayarisha.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi zito kuliko yote. Uvuvi huu uliletwa na walowezi kwa ajili ya walowezi, katika nchi ya Wakikuyu ambao kwa mila hawakula samaki, kwenye mito iliyopita katika ardhi na misitu iliyochukuliwa kutoka kwa wenyewe. Kwa nini basi msomaji wa Kiswahili ajishughulishe na kijiko cha wakili wa London? Sioni sababu ya kulipunguza makali pingamizi hilo. Ni la kweli, na historia ya trauti Kenya haiwezi kuandikwa bila historia ya ardhi. Ila linanipa sababu zaidi ya kutenganisha mambo mawili yaliyosafiri katika sanduku moja. Klabu, leseni na kanuni ya nzi anayeelea vilikuwa mali ya watu fulani. Kutazama hakukuwa mali yao. Mvuvi wa pwani anayerambaza kwa ndoano iliyofungwa unyoya, akafuata ndege wanaozunguka juu ya maji kwa sababu chini yao dagaa wanafukuzwa, anatumia hoja ile ile ya watu wa mto Astraeus, wala hakuisoma popote.

Kijana wa Murang'a au Nyeri anayewaongoza wageni leo anaweza kuanza bila kitabu. Ageuze jiwe moja katika maji yaendayo kasi. Chini yake atakuta tunutu wenye miili bapa kama kipande cha karatasi, wamejibandika kwenye jiwe ili mkondo upite juu yao, na pengine vijumba vidogo vya mchanga ambavyo wadudu wa aina nyingine wamejijengea. Urefu wao ndio urefu wa ndoano ya kuchagua. Rangi yao ndiyo rangi ya manyoya. Na ubapa wao unamwambia jinsi maji yalivyo na nguvu mahali hapo, kwa hiyo trauti anayewala hayuko pale. Yuko hatua mbili au tatu chini, nyuma ya jiwe kubwa, akingoja mmoja wao ateleze.